Akiondoka mpigaji wenu mkubwa, msitafute pacha wake

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma. Tuko vijana kumi na wanane tunaocheza kriketi kila Jumamosi jioni, mpira wa tenisi, ova ishirini (kila ova mipira sita), na siku nyingine tunafuatilia Testi za India, zile mechi za siku tano, kwenye simu. Tangu mpigaji wao nyota, Virat Kohli, astaafu Testi tunabishana hatumalizi. Wenzangu wanasema India ilipaswa kumtafuta kijana mwenye mikono kama ya Kohli na kumpa namba nne kwenye mpangilio wa kupiga moja kwa moja, badala ya kumhamisha Shubman Gill kutoka namba tatu. Wengine wanasema mpigaji mwingine wa India, Karun Nair, ameonewa mara mbili. Sasa ubishi umeingia kwetu wenyewe, maana mpigaji wetu wa namba tatu amehitimu na amerudi kwao Singida. Nusu ya timu inamtaka kijana wa mwaka wa kwanza anayepiga sita (mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini) kama yeye, hata kusimama wanasimama sawa. Nusu inamtaka mlinda wiketi wetu, yule wa kudaka nyuma ya vijiti, ambaye hupiga namba sita na hana mbwembwe. Nani ashike nafasi hiyo, na apewe mechi ngapi kabla hatujamhukumu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeuliza la India na la kwenu kwa pamoja, na umefanya vizuri, kwa sababu ni jambo moja. Mashabiki wa Mumbai waliokesha wakibishana mwaka 2025 na nyinyi mnaobishana njiani mkirudi hosteli mmekosea mahali pamoja: mmeanza na "nani". Nimefundisha mchezo huu miaka mingi na nimekaa kwenye vikao vya kuchagua timu, na nakuambia kwamba "nani" huja mwishoni. Kwanza mjue aliyeondoka alikuwa anafanya kazi gani hasa. Mkishaipata kazi hiyo kwa usahihi, mara nyingi jina linajitaja lenyewe, na mara nyingi si lile mlilokuwa mnalipigia kelele.

Tuanze na Kohli. Alitangaza kuacha Testi tarehe 12 Mei 2025, siku chache baada ya Rohit Sharma kuacha, na India ilikuwa inakwenda Uingereza mwezi uliofuata. Aliacha mechi 123, mikimbio 9,230 na mia 30, yaani zamu thelathini alizofikisha mikimbio mia. Ukiziangalia namba hizo unaona pengo la kutisha, na ndipo watu wanapoanza kutafuta mtu wa ajabu. Lakini Kohli aliyeondoka Mei 2025 si yule aliyekwenda Uingereza mwaka 2018 akafunga mikimbio 593 katika mechi tano. Kuanzia mwaka 2020 wastani wake wa Testi ulikuwa kama 30 kwa kila zamu aliyotolewa. Kule Australia mwishoni mwa 2024 alianza na mia moja Perth, kisha akawa anatolewa kwa namna ileile, mpira wa nje ya vijiti, bati linaufuata, mpira unadakwa nyuma. Alimaliza mfululizo huo na mikimbio 190.

Sisemi haya kumshusha. Nampenda Kohli, na sioni mchezaji wa kizazi chake aliyeipenda Testi kwa moyo kama yeye. Nasema kwa sababu mrithi hupimwa na kumbukumbu, na kumbukumbu haitolewi uwanjani. Kijana akifunga 40 leo, shabiki anamlinganisha na ile siku bora kuliko zote ya yule mkubwa. Angelinganishwa na mwaka wa mwisho wa mkubwa, angeonekana ameziba pengo na kubakiza. Kwa hiyo kabla hamjamsema mtu yeyote kwenu, chukueni daftari la mechi mwangalie huyo mwenzenu wa Singida alifunga nini katika mechi zake kumi za mwisho. Si ile ya fainali mnayoisimulia kila siku.

Sasa namba nne yenyewe. Wenzako wanataka aletwe mgeni akae pale moja kwa moja. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini nafasi hiyo ya India haijapitishwa hivyo. Sachin Tendulkar alicheza Testi yake ya 200 na ya mwisho Novemba 2013 pale Wankhede, akafunga 74. Mwezi uliofuata, Johannesburg, aliyeingia namba nne alikuwa Kohli, akafunga 119 na 96 katika mechi hiyohiyo. Mtu akisoma leo anadhani alishushwa kutoka mbinguni. Hapana. Alikuwa ndani ya timu tangu katikati ya 2011, akipiga chini, namba tano na sita, na katika mfululizo wake wa kwanza kule West Indies alifunga mikimbio 76 katika zamu tano. Sabini na sita! Alijifunzia mahali penye kivuli, akiwatazama wakubwa mbele yake, ndipo akapandishwa. Nafasi yake ya chini ndiyo iliyoachiwa wageni.

Gill amepita njia hiyohiyo. Alianza Testi Melbourne mwishoni mwa 2020 akiwa mfunguzi, yaani mmoja wa wawili wanaoanza kupiga, baadaye akashuka namba tatu, na mwaka 2025 akapewa unahodha na namba nne kwa pamoja. Namba tatu na namba nne zinaonekana kama jirani na jirani, lakini kazi zake ni tofauti. Wa tatu anaweza kuingia mpira wa pili wa mechi, mpira bado mpya na mwekundu unang'aa, unayumba hewani, na warushaji hawajachoka. Wa nne kwa kawaida amepata muda wa kukaa, kuangalia pichi inafanya nini, na mpira umeanza kuchakaa. Siku ya kwanza ya Testi ya kwanza kule Uingereza, pale Leeds, India ilikwenda kula chakula cha mchana ikiwa 92 kwa kupoteza wiketi mbili, yaani wapigaji wawili wametolewa, na Gill akaanza zamu yake baada ya mapumziko. Hadi jioni alikuwa na 127, hajatolewa. Kwenye mechi tano za mfululizo huo alifunga mikimbio 754 na kufikisha mia mara nne, mojawapo ikiwa ile 269 ya Edgbaston, ambako aliongeza 161 katika zamu ya pili. Kwa hiyo kwa wale wanaosema asingehamishwa, jibu limeshatoka uwanjani: mtu aliyekomaa ndani ya nyumba alipelekwa kwenye nafasi iliyo na uzito, na ugeni ukabaki kwenye nafasi nyingine.

Lakini kuna jambo ambalo mabishano ya mashabiki yalilikosa kabisa, na hili ndilo ninalotaka mlibebe mpaka kwenye timu yenu. Katika Testi hiyohiyo ya Leeds wapigaji wa India walifikisha mia mara tano: Jaiswal, Gill, Rahul, na Pant mara mbili. Ilikuwa haijawahi kutokea katika historia ya Testi wapigaji wa timu wafikishe mia mara tano katika mechi moja na timu ikashindwa. India ilishindwa, kwa wiketi tano. Ilikuwaje? Katika zamu ya kwanza walikuwa 430 kwa wiketi tatu, wakamaliza 471. Wiketi saba zilianguka kwa mikimbio 41. Zamu ya pili ilikuwa vilevile, kutoka 333 kwa wiketi nne hadi 364 wote nje. Hapo hapo madaka yakaangushwa, na ukimwondoa Jasprit Bumrah warushaji hawakuwabana Waingereza.

Sasa jiulize, nani aliyekuwa ameondoka kwenye sehemu hiyo ya chini? Ravichandran Ashwin, aliyestaafu Desemba 2024 katikati ya safari ya Australia. Alitoa wapigaji 537, yaani wiketi 537, na juu yake mikimbio zaidi ya 3,500 na mia mara sita, nyingi akiwa amepiga nafasi za chini. Miezi ile mashabiki walipigana juu ya kiti cha Kohli, na kiti cha Kohli kikapata mtu ndani ya siku moja. Kilichokuwa wazi kilikuwa kiti cha Ashwin, namba nane, mtu wa kurusha na pia kufunga mikimbio 40 wakati wakubwa wameshatolewa. Wachaguzi wakaliona. Mechi iliyofuata Edgbaston waliwaingiza Washington Sundar na Nitish Reddy kuongeza kina cha kupiga, India ikashinda kwa mikimbio 336. Baadaye Old Trafford ni Sundar huyohuyo, pamoja na Ravindra Jadeja, waliosimama siku ya mwisho wakafunga mia kila mmoja na kuokoa sare. Mfululizo ukaisha mbili kwa mbili.

Kwa hiyo mpigaji mkubwa akiondoka, msiangalie alipokuwa amesimama tu. Angalieni timu nzima kuna upepo unaingia wapi.

Kuhusu kutafuta pacha, mfano mkubwa kuliko wote ni Australia baada ya Shane Warne, na nitautumia muda kidogo. Warne alistaafu Januari 2007 akiwa na wiketi 708. Alikuwa anazungusha mpira kwa kifundo cha mkono, kipaji adimu, na nchi nzima ikaamini kwamba lazima apatikane mwingine wa kifundo. Stuart MacGill alikuwepo, mrushaji wa kweli aliyekaa miaka nyuma ya Warne, lakini mwili wake ulishachoka, akaacha mwaka 2008. Wakajaribu Brad Hogg, wakajaribu Beau Casson, Cameron White. Nagpur, Novemba 2008, wakampa nafasi Jason Krejza, ambaye huzungusha kwa vidole, akachukua wiketi 12 katika mechi yake ya kwanza. Aliongezewa Testi moja tu, basi, hakuonekana tena. Mwaka 2009 Cape Town wakamwingiza Bryce McGain, mtu mzima aliyesubiri maisha yake yote, akapigwa mikimbio 149 bila wiketi hata moja, na hiyo ikawa Testi yake ya kwanza na ya mwisho. Julai 2010, Lord's, wakawaletea mashabiki kijana mwenye nywele za rangi ya mchanga, mrushaji wa kifundo, anapiga namba nane. Jina lake Steve Smith. Unamjua. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kufikisha mikimbio 10,000 ya Testi Januari 2025. Walikuwa na mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne hii mkononi na wakamtazama kama Warne aliyepungua.

Mwishowe nani alipatikana? Nathan Lyon, kijana aliyekuwa mtunza uwanja Adelaide, anayezungusha kwa vidole, si kwa kifundo. Aliingia Galle mwishoni mwa Agosti 2011, na mpira wake wa kwanza kabisa katika Testi ulimtoa Kumar Sangakkara. Alichukua wiketi tano kwa mikimbio 34 katika zamu ile. Desemba 2023 alifikisha wiketi 500. Hakufanana na Warne kwa lolote, si kwa mpira wala kwa maneno wala kwa mwili. Alichofanana naye ni kazi: ova nyingi upande mmoja bila kuvuja, ili warushaji wa kasi wapumzike na kurudi na nguvu. Miaka minne na nusu ilipotea, na watu wasiopungua tisa walijaribiwa, kwa sababu macho yalitafuta sura. Krejza naumia kwa ajili yake mpaka leo.

Sri Lanka hawakutafuta. Muttiah Muralitharan aliacha Julai 2010 Galle, mpira wake wa mwisho ukiwa wiketi ya 800, na pembeni alikuwapo Rangana Herath, aliyeanza Testi palepale Galle mwaka 1999 na kuishi miaka kumi na moja nyuma ya mlima. Wakampa mpira. Akamaliza na wiketi 433.

Sasa Karun Nair. Hapa natoa hukumu yangu waziwazi. Mara ya kwanza ameonewa. Desemba 2016, Chennai, alifunga 303 hajatolewa dhidi ya Uingereza, Mhindi wa pili kufikisha mia tatu katika Testi, na mechi iliyofuata hakucheza, kwa sababu Ajinkya Rahane alikuwa amepona jeraha na nafasi ilikuwa yake. Naelewa kanuni ya kumrudishia majeruhi kiti chake, ni kanuni ya heshima na naiunga mkono. Lakini kanuni hiyo ilikuwa na njia ya kumbakiza kijana yule kwa kupunguza mtu mwingine. Aliongezewa mechi tatu dhidi ya Australia, akatoka, na kukaa nje miaka minane.

Mara ya pili hapana. Alirudi kwa jasho la mashindano ya ndani: msimu wa 2024 na 2025 alifunga mikimbio 863 kwenye Ranji, kombe la timu za majimbo ya India, akiwa na Vidarbha iliyotwaa kombe, na hiyo ndiyo njia halali ya kurudi, kuliko kelele za sita za IPL, ligi yao ya ova ishirini. Kule Uingereza alipata zamu nane: 0, 20, 31, 26, 40, 14, 57, 17. Ziangalie vizuri namba hizo. Ni mtu aliyeingia, akatulia, akapita mahali pagumu, kisha akatolewa, mara tano au sita. Kinachoniuma ni kwamba alianza namba sita, mechi ya pili akapelekwa namba tatu. Lakini zamu nane ni nafasi ya haki, na aliyezipata akishindwa kuzigeuza hawezi kusema hakupewa.

Aliyeonewa safari hiyo ni kijana mpigaji Sai Sudharsan. Testi ya kwanza ya maisha yake, namba tatu, Leeds, akapata 0 na 30, akatolewa timu. Baada ya mechi moja! Aliporudishwa Old Trafford akafunga 61. Kumbuka Kohli na mikimbio yake 76 katika zamu tano. Kumbuka Warne mwenyewe, aliyeanza Sydney Januari 1992 dhidi ya India na kumaliza na wiketi moja kwa mikimbio 150. Kama wachaguzi wa siku zile wangekuwa na haraka ya siku hizi, tusingekuwa na majina hayo ya kubishania.

Kabla sijafika kwenu, niseme kidogo kuhusu jirani zetu, kwa sababu habari hii inatugusa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1975, kombe la dunia la kwanza, tulikwenda pamoja kama timu ya Afrika Mashariki, Watanzania ndani yake. Baadaye Kenya ikasimama peke yake, ikawatoa wapigaji wote wa West Indies kwa mikimbio 93 na kuwashinda kule Pune mwaka 1996, ikafika nusu fainali ya kombe la dunia mwaka 2003. Kiini cha timu ile ni Steve Tikolo, na sijaona mpigaji mzuri zaidi aliyelelewa ukanda huu. Alicheza kombe lake la dunia la mwisho mwaka 2011 akiwa na miaka 39, na mwaka 2013, akiwa na miaka 42, akaitwa tena. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya mechi za siku moja za kimataifa. Lawama simpi Tikolo, aliitika alipoitwa. Kilichokosekana ni Tikolo wa pili na wa tatu kupiga namba tano na sita kuanzia mwaka 2003, wakikua kivulini kama Kohli alivyokua. Jina lilipoitwa tena baada ya miaka kumi, nyuma yake hapakuwa na mtu.

Ndiyo maana vijana wetu wa chini ya miaka 19 walipofuzu kombe la dunia la 2026 kwa mara ya kwanza nilifurahi hadi nikashindwa kulala, na wakati huohuo nikaanza kuwaza nani kati yao atapewa namba sita ya timu ya wakubwa akakae hapo kwa utulivu. Wakubwa walifika nusu fainali ya Afrika Harare mwaka 2025, wakazuiwa na Namibia. Namba sita ile ndiyo inayoamua miaka kumi ijayo.

Haya, tuje kwenu.

Mmesema mwenzenu alikuwa namba tatu na mnacheza ova ishirini kwa mpira wa tenisi. Chukueni daftari la kuhesabia. Kama hamna, anzeni leo, kwa sababu bila daftari mnaongea hisia. Andikeni kwa kila zamu yake: aliingia timu ikiwa na mikimbio mingapi na ova ya ngapi, alipata mikimbio mingapi kwa kukimbia moja na mbili, mingapi kwa nne na sita, na alitolewaje. Niliwahi kulifanya zoezi hili na timu ya vijana niliyoifundisha, nyota wao alipohamia Dar es Salaam. Wote tuliamini amekuwa akitubeba kwa sita. Tulikaa chini ya mwarobaini na daftari lenye madoa ya chai, mmoja anasoma, mmoja anahesabu kwa vijiti vya kiberiti. Vijiti vya sita vikawa rundo dogo. Rundo kubwa lilikuwa la moja moja, zile za ova ya saba hadi ya kumi na nne, wakati warushaji wa polepole wamekuja na wengine wote tulikuwa tunakwama tunapiga hewani. Hakuna aliyekuwa anaziona kwa sababu hakuna anayeshangilia moja. Sita ndizo zilizokuwa zimebaki kwenye macho yetu.

Nadhani na kwenu mtakuta kitu cha namna hiyo. Na kama mtakuta hivyo, kijana wenu wa mwaka wa kwanza anafanana na nyota kwa kile ambacho hakikuwa kazi yake kubwa.

Kisha fanyeni jambo la pili, ambalo ni la Dodoma tu. Angalieni sita za huyo kijana zinakwenda upande gani. Mnacheza jioni, na nyinyi mnajua upepo wa Julai na Agosti hapa unavyovuma kutoka mashariki, vumbi linapanda mpaka mlinda wiketi anafumba macho. Mpira wa tenisi ni mwepesi. Mpigaji anayeinua mpira kwa kufuata upepo anapata sita ambayo siku tulivu ingekuwa daka la kirahisi karibu na mpaka. Mwekeni apige ova mbili akiwa upande wa pili wa pichi, upepo unamjia usoni, na mrushaji wenu wa polepole ndiye arushe. Msimwambie ni mtihani. Akipeleka mpira chini, kwenye mapengo, akakimbia, mna mpigaji wa namba tatu mkononi na nitakuwa wa kwanza kubadili ushauri wangu. Akiendelea kuinua, hana kosa, bado ni kijana, ila namba tatu itamvunja.

Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningempandisha mlinda wiketi. Mtu anayepiga namba sita bila mbwembwe amezoea kuingia timu ikiwa mashakani, na anayekaa nyuma ya vijiti ova ishirini anaujua mpira wa pichi yenu kuliko wote: anajua unaruka kiasi gani kwenye saruji, unachelewa wapi. Tatizo lake ni miguu. Siku mkianza kurusha, atakuwa amechuchumaa ova zote kabla ya kuingia kupiga. Kwa hiyo mtafutieni mtu wa kumpokea glavu ova tano za mwisho, au siku hizo wafunguzi wenu wapunguze pupa na wakae ova tatu nne za mwanzo apate kunywa maji. Kijana wa mwaka wa kwanza apewe namba tano. Pale ataingia ova ya kumi na mbili au ya kumi na tatu, mikimbio inahitajika, na sita zake zitakuwa dawa badala ya kuwa hatari. Anaanzia kivulini, na mwakani mlinda wiketi wenu akihitimu, yupo aliyekwishakua.

Halafu ulizeni swali ambalo hukuliuliza. Huyo mwenzenu wa Singida, mlipokuwa mnarusha, alikuwa anasimama wapi? Nani alikuwa anawapanga wachezaji, nani anamwambia mrushaji apunguze kasi? Nyota wa timu ndogo mara nyingi ndiye nahodha hata kama jina la unahodha liko kwa mwingine. Inawezekana mkapata wa kupiga namba tatu na bado mkashindwa kwa sababu hakuna tena anayesema "rudi hatua tano". Hilo ni pengo lenu la Ashwin, na linaweza kuzibwa na mtu ambaye hata kupiga hajui vizuri. Mpeni kazi hiyo kwa jina, asikike.

Mechi ngapi? Nane. Si kwa sababu nane ina uchawi, bali kwa mchezo wa ova ishirini mtu anaweza kutolewa mara tatu mfululizo kwa bahati tupu: mpira umegonga jiwe, mwenzake amemkimbiza vibaya, daka la maajabu. Katika nane, bahati inapungua na tabia inaonekana. Kubalianeni namba hiyo Jumamosi hii kabla ya mpira wa kwanza, mbele ya wote, na iandikwe kwenye ukurasa wa mbele wa daftari. Akifunga sifuri mbili za mwanzo, yeyote atakayefungua mdomo aonyeshwe ukurasa. Na katika hizo nane asihamishwe namba hata mara moja. Msimfanyie alichofanyiwa Nair.

Jambo la mwisho ni la adabu ya uwanjani. Mlinda wiketi akitoka kwenda kupiga namba tatu kwa mara ya kwanza, msilitaje jina la aliyeondoka. Nimeona vijana wazuri wakitolewa mpira wa pili kwa sababu wenzao kando ya uwanja walikuwa wanapiga kelele "fanya kama fulani." Mpigieni makofi kwa jina lake, na akipata moja ya kwanza, ile ndogo ya kusukuma mpira na kukimbia, ishangilieni kama mnavyoshangilia sita.